Mnyororo, Mizani na Sindano: Vifaa vya Kutibu na Kupima Akili katika Historia ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Mfupa uliovunjika hutambulika, na jeraha huweza kuoshwa na kufungwa kitambaa. Akili haionekani wala haishikiki. Kwa sababu hiyo wanadamu wa kila zama, walipokutana na mtu ambaye akili yake imevurugika, wametafuta kitu cha kushika mkononi: kamba, gogo, ngoma, jembe, kisu, mashine, sindano. Na walipotaka kujua mtu ana akili kiasi gani, walitafuta kitu cha kupimia: utepe, mizani, karatasi ya maswali. Makala hii inakusudia kueleza baadhi ya vifaa hivyo, jinsi vilivyofanya kazi, na jinsi vilivyotumika katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili linawahusu nini watumishi wa Kanisa? Linawahusu sana. Katika vijiji vyetu mchungaji au mwinjilisti mara nyingi huitwa kabla ya daktari. Tuchukue mfano wa Ihanda, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iko Dodoma, safari ya mamia ya kilomita. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza juu ya mgonjwa haufanywi na mtaalamu. Hufanywa nyumbani, usiku, na jamaa waliochoka na kuogopa. Na kifaa cha kwanza kinachochukuliwa ni kile kilicho karibu. Yeye aliyeitwa kuomba nao atakuwa pia shahidi wa kifaa hicho, naye hana budi kujua la kusema.

Hoja yetu ni hii: kifaa hutanguliwa na fikira. Kabla mtu hajachukua mnyororo au mizani, amekwisha kuamua moyoni yule aliye mbele yake ni nani: ni hatari ya kuzuiwa, ni nguvu ya kutumikishwa, ni kiumbe wa chini wa kupimwa, au ni ndugu wa kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo tutavipitia vifaa hivi tukiwa na swali moja: je, kinamrudisha mtu kwa watu wake, au kinamtenga nao zaidi?

2. Vifaa vya kufungia

Kifaa kilicho kongwe kuliko vyote ni kile cha kufungia. Lugha yetu inalo neno mkatale, yaani mti au ubao wenye matundu ya kubana miguu ya mtu asiweze kutembea. Mkatale ulikuwa kifaa cha adhabu. Lakini gogo la namna hiyo, pamoja na kamba na mnyororo, limetumika pia kwa mgonjwa ambaye hakutenda kosa lolote, ila tu alitangatanga, alirarua nguo zake au alitishia watu. Tusiharakishe kuwahukumu jamaa waliofanya hivyo. Wengi wao walimfunga mgonjwa kwa sababu walimpenda na walihofu asije akatumbukia mtoni, akachoma nyumba au akapigwa na wapita njia. Hata hivyo gogo halitibu. Ngozi huchubuka, misuli ya miguu hunyauka kwa kukosa kutembea, na mgonjwa hujifunza kwamba watu wake wamekuwa walinzi wa gereza lake.

Wala Ulaya haikuwa na kifaa bora. Katika hospitali ya Bethlem mjini London, ambayo chanzo chake ni cha mwaka 1247, wakaguzi walimkuta mwaka 1814 mgonjwa aitwaye Norris, baharia wa Kimarekani, amefungwa kwa pete ya chuma shingoni na mikanda ya chuma mwilini, vyote vikiunganishwa na nguzo. Alikuwa ameishi hivyo kwa miaka yapata kumi. Habari zake ziliwashtua Waingereza, zikasaidia kuanzisha uchunguzi wa Bunge juu ya nyumba za wagonjwa wa akili. Huko Ufaransa, Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wagonjwa katika hospitali ya Bicêtre, aliwaondolea wagonjwa minyororo mwaka 1797, na daktari Philippe Pinel akaifuata njia hiyo katika hospitali ya Salpêtrière. Watu husahau jambo moja: mahali pa mnyororo paliwekwa koti la kitambaa kigumu, lenye mikono mirefu inayofungwa mgongoni. Koti hilo halikuumiza kama chuma, lakini kazi yake ilikuwa ileile. Kubadili kifaa si lazima kuwe kubadili fikira.

Tusidhani kwamba mambo haya yamekwisha. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ikionyesha kwamba wagonjwa wa akili bado wanafungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60 duniani, Kenya ikiwa miongoni mwao. Tena wengi hufungwa si nyumbani tu, bali pia kwa waganga na katika nyumba za maombi. Msomaji wa Injili ya Marko, sura ya 5, anamkumbuka yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyekuwa akifungwa mara kwa mara kwa pingu na minyororo. Jamaa zake walikuwa wamejaribu chuma, na chuma kilikuwa kimeshindwa. Tena habari yake haiishii makaburini. Inaishia pale anapoketi amevaa nguo, ana akili timamu, na anaagizwa aende nyumbani kwa watu wake. Huo ndio mwisho tunaopaswa kuutafuta.

3. Vifaa vya waganga

Vifaa vya waganga wa jadi ni vingi, nasi tutavigusa kwa kifupi. Katika pwani kuna kombe: maneno matakatifu ya Kiislamu huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, kisha huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa. Kuna hirizi, kuna ubani, na kuna ngoma za pepo zinazochezwa kwa siku kadhaa. Mkristo hawezi kuyapokea mafundisho ya pepo yaliyo nyuma ya vifaa hivyo. Lakini mtafiti mwaminifu ataona jambo ambalo hospitali nyingi zililikosa: ngoma huwakusanya watu kumzunguka mgonjwa, haimpeleki mbali nao. Hata Sauli, mfalme wa Israeli, alipofadhaika, watumishi wake walimtafutia mpiga kinubi akae karibu naye. Gogo humwacha mgonjwa peke yake. Kinubi huhitaji mtu wa kukipiga.

4. Jembe la Lutindi

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, katika milima ya Usambara, Wilaya ya Korogwe, ni miongoni mwa za kwanza katika Afrika Mashariki nzima, na chanzo chake ni cha Kiinjili. Mwaka 1896 chama kimoja cha Kiinjili cha Ujerumani kilianzisha hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipozidi kufifia, watoto wa kupokelewa wakapungua, na yapata mwaka 1904 makao yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wasimamizi wake walikuwa mashemasi kutoka Bethel, karibu na Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa na kukuzwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu mwaka 1872. Leo Lutindi ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Dawa za kutuliza wazimu kama tuzijuavyo leo hazikuwapo wakati ule. Kifaa kikuu kilikuwa jembe. Fikira ya Bethel ilikuwa kwamba mgonjwa asiye na kazi huzama katika mawazo yake mwenyewe, lakini mgonjwa anayelima, anayesuka au anayechunga ng'ombe hupata sababu ya kuamka asubuhi. Siku yenye saa za kazi, za chakula, za sala na za kupumzika ilikuwa yenyewe dawa. Mashamba na karakana zimeendelea kuwa sehemu ya matibabu ya Lutindi hadi nyakati zetu.

Hata hivyo tusilisifu jembe kupita kiasi. Katika koloni ambamo Waafrika walilazimishwa kufanya kazi mashambani mwa wageni, mpaka kati ya kazi ya kuponya na kazi ya kutumikisha ulikuwa mwembamba. Tena mtu aliyetolewa mbali akaletwa juu ya mlima huo alitengwa na ukoo na lugha yake. Kwa hiyo jembe halina budi kuulizwa: mavuno ni ya nani, na anayelima anaandaliwa kurudi wapi?

Swali hilo lilijibiwa vizuri zaidi baada ya uhuru. Serikali ya Waingereza ilikuwa imefungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na kando yake taasisi ya Isanga kwa wagonjwa waliopelekwa na mahakama. Kwa miaka mingi mkazo ulikuwa ukuta na ufunguo, hata jina la Mirembe likawa katika vinywa vya watu neno la kumdhihaki mtu. Tanzania huru ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, kama vile Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Huko jembe lilikuwa daraja la kurudia maisha ya kawaida. Katika Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa amekwisha kuonyesha njia ya namna hiyo tangu mwaka 1954 huko Aro, ambako wagonjwa walikaa vijijini pamoja na jamaa zao huku wakitibiwa hospitalini mchana.

5. Mashine, kisu na sindano

Katika miaka ya 1917 hadi 1952 madaktari wa Ulaya walijaribu njia nyingi za ghafula. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwatia wagonjwa wa kaswende ya ubongo malaria kwa makusudi mwaka 1917, ili homa kali iviue vijidudu vya kaswende; kisha aliwatibu malaria kwa kwinini, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Manfred Sakel aliwadunga wagonjwa insulini nyingi hata wakazimia. Ladislas Meduna wa Budapest aliwaletea degedege kwa kemikali mwaka 1934. Mwaka 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walitumia umeme kuleta degedege hiyo.

Mashine ya umeme inaogopwa sana na watu wetu, hivyo yafaa tuieleze. Ni kisanduku chenye saa ya kuhesabu muda na vipande viwili vya kuwekwa kwenye vipaji vya mgonjwa. Umeme hupita kwa sekunde chache, na ubongo hupata degedege fupi. Hapo mwanzo mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi, na wengine walivunjika mifupa kwa nguvu ya mshtuko. Tena katika hospitali zilizojaa, mashine hiyo iliweza kutumika kama kitisho cha kuwanyamazisha wakaidi. Kwa utaratibu wa leo mgonjwa hulazwa usingizi na misuli yake hulegezwa kwanza. Matibabu hayo husaidia hasa huzuni kuu isiyosikia dawa, ingawa huweza kuleta usahaulifu. Kifaa ni kilekile. Tofauti ni kama aliyelala kitandani anahesabiwa kuwa mtu mwenye haki ya kuelezwa na kukubali.

Kisu kilikuwa na historia ya huzuni zaidi. Mwaka 1935 Egas Moniz wa Ureno alianza kukata nyuzi za ubongo nyuma ya paji la uso. Mgonjwa alitulia, lakini mara nyingi alipoteza pia hamu, uamuzi na uwezo wa kujali. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, na muda si mrefu baadaye njia yake ikaanza kuachwa.

Kilichoiondoa ni dawa. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walionyesha kwamba kloropromazini hutuliza wazimu bila kumlaza mgonjwa usingizi mzito. Miaka mitatu kabla ya hapo, John Cade wa Australia alikuwa ameandika juu ya faida ya chumvi ya lithiamu kwa wagonjwa wanaopanda na kushuka kati ya msisimko na huzuni. Kisha zikaja sindano ambazo dawa yake hutoka kidogo kidogo mwilini kwa majuma mawili hadi manne. Faida ya sindano hiyo kwa nchi kama yetu ni kubwa: mgonjwa huweza kulala kwake, kulima shamba lake, na kwenda kituo cha afya mara moja kwa mwezi. Lakini dawa hizi nazo zina madhara. Huweza kuleta kutetemeka, kukakamaa misuli, uzito wa mwili na usingizi. Jamaa wasipoelezwa hayo, hudhani mgonjwa amelogwa upya au kwamba dawa inamwua, nao huikatiza. Kisha ugonjwa hurudi.

6. Mizani ya Nairobi

Tumekwisha kuona vifaa vya kutibu. Sasa twende kwenye vifaa vya kupimia, ambavyo katika nchi zetu vilishikwa na mikono ileile. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya wagonjwa wa ndui, nayo ilipata jina hilo mwaka 1924. Katika miaka ya 1930 msimamizi wake, daktari H. L. Gordon, alikuwa pia kiongozi wa kundi la walowezi walioamini kwamba ubora wa akili hurithiwa kwa rangi. Gordon alipima vichwa vya maelfu ya Waafrika. Kifaa chake kilikuwa chuma chenye mikono miwili iliyopinda, mfano wa koleo, ambacho hubana kichwa na kuonyesha upana wake. Kwa vipimo hivyo alikadiria ujazo wa fuvu.

Mwenzake, F. W. Vint, aliyekuwa mtaalamu wa maabara ya serikali mjini Nairobi, alitumia mizani. Mwaka 1934 alichapisha matokeo ya kupima ubongo wa maiti 100 wa Kiafrika. Alipata wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 alizozichukua kuwa wastani wa Wazungu. Kutokana na tofauti hiyo, wale waliokuwa na fikira ya Gordon walitoa hoja kwamba Mwafrika hawezi kufika mbali katika elimu, na kwamba elimu ya kigeni huweza kuidhuru akili yake. Hapa ndipo msomaji aone uzito wa jambo lenyewe. Mizani iliyopima maiti ilitaka kuamua kama walio hai wajengewe shule.

Kosa lilikuwa wapi? Mizani haikusema uongo kuhusu gramu. Kosa lilikuwa katika swali. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, umri, lishe ya utotoni, ugonjwa uliomwua mtu, na namna ubongo ulivyohifadhiwa kabla ya kupimwa. Maiti za hospitali ya maskini haziwezi kulinganishwa na wastani wa watu wengine walioishi na kufa katika hali nyingine. Zaidi ya hayo, uzito hauonyeshi uwezo. Ubongo wa mwandishi Mrusi Ivan Turgenev ulizidi gramu 2,000. Ubongo wa Anatole France, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulikuwa kama gramu 1,017. Nani angethubutu kusema mmoja alikuwa nusu ya mwenzake? Gordon aliomba fedha London ili utafiti huo uendelezwe, lakini serikali ya Uingereza haikukubali kuugharimia.

Fikira hiyo hata hivyo haikufa. Ilibadili kifaa tu. Daktari J. C. Carothers aliisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana kitabia na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa kisu cha Moniz. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 aliiandikia serikali ya Kenya taarifa iliyoieleza Mau Mau kama tatizo la nafsi. Hivyo watu waliodai ardhi yao walielezwa kana kwamba ni wagonjwa. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, aliipinga fikira hiyo kwa ukali mwaka 1961.

Carothers alidai pia kwamba huzuni kuu ni adimu kwa Waafrika. Alikuwa akiwahesabu waliofika Mathari. Lakini nani alifikishwa Mathari? Ni yule aliyewasumbua polisi, mwajiri au majirani. Mama aliyekaa kimya nyuma ya nyumba, asiyekula wala kulala, hakuwa katika daftari lake. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda kwa kuwaendea watu majumbani. Waliikuta huzuni hiyo, tena kwa kiwango kilichozidi kile cha mtaa wa London waliolinganisha nao. Wagonjwa walikuwapo siku zote, ila hawakuulizwa.

7. Karatasi ya maswali

Baada ya mizani kulikuja karatasi. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wa Paris walitunga maswali ya kutambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet mwenyewe alionya kwamba alama hizo zisifanywe kuwa kipimo cha kudumu cha mtu. Wengine waliligeuza jaribio hilo kuwa hukumu ya kuzaliwa. Katika Kenya, R. A. C. Oliver alitunga mwaka 1932 jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika. Naye, kinyume cha Gordon, alitahadharisha kwamba alama za watu waliolelewa, kulishwa na kufundishwa tofauti haziwezi kuthibitisha tofauti ya urithi.

Tafiti za karibuni zimemwunga mkono. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa Usenge, katika nchi ya Wajaluo. Waliwapima watoto ujuzi wa mitishamba ya kutibu maradhi ya nyumbani, ujuzi ambao kijijini ni akili ya kweli. Waliojua sana mitishamba hawakuwa wanaoongoza katika majaribio ya msamiati wa shule. Mara nyingi walikuwa nyuma kidogo. Mwaka 2002 kundi hilo, wakiwamo watafiti Watanzania, lilichapisha kazi iliyofanywa karibu na Bagamoyo na watoto zaidi ya 400. Watoto walipewa jaribio, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kulifikiri, kisha wakajaribiwa tena. Alama zao zilipanda. Ile alama ya kwanza, ambayo mkaguzi mwenye haraka angeiandika kuwa ndiyo akili ya mtoto, ilikuwa inaonyesha tu kwamba hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Wazee wetu husema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo haikatai kwamba watu hutofautiana. Inakataa kunyoa vichwa vyote kwa wembe mmoja.

8. Wajibu wetu

Kutokana na historia hii, mtumishi wa Kanisa anaweza kupata mambo manne ya kumwongoza.

Kwanza, anapokuta mgonjwa amefungwa, asianze kwa kuwakemea jamaa. Awaulize wanaogopa nini, kisha awasaidie kupata njia nyingine. Kumfungua mtu bila kuwapa jamaa msaada ni kumwachia jirani kazi ya kumfunga tena. Kwa mkazi wa Ihanda njia huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa Mbeya. Dodoma si mlango wa kwanza. Tanzania inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na maofisa wa afya na wa ustawi wa jamii wanao wajibu juu ya mgonjwa huyo.

Pili, maombi yasiwekwe kinyume cha dawa. Asimwambie mgonjwa atupe vidonge au aache sindano ili kuonyesha imani. Mgonjwa anayeacha dawa ghafula huweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu kuliko mwanzo, naye pamoja na jamaa zake watadhani Mungu amewakataa. Mwenye kifafa akatizwapo dawa huweza kupata mfululizo wa degedege na kufa. Pahali pa maombi ni kando ya dawa, kama vile uji wa mgonjwa ulivyo kando ya dawa.

Tatu, usharika uandae jembe, yaani kazi na nafasi. Anayetoka hospitalini akiwa na nafuu huhitaji shamba, kwaya, ufundi, kiti katika ibada na mtu wa kumsindikiza siku ya sindano. Jina la dhihaka likiendelea kumfuata, ukuta wa hospitali utakuwa umehamia kijijini. Kabla hujafa hujaumbika: anayecheka leo hajui kesho yake.

Nne, katika shule zetu, za Jumapili na za kila siku, tusilitumie jaribio moja kumtangaza mtoto kuwa mjinga. Tuulize kwanza amefundishwa nini, amekula nini, na anajua nini ambacho karatasi yetu haikuuliza.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba gogo, koti, jembe, mashine, kisu, sindano, mizani na karatasi vyote vilishikwa na watu walioamini kwamba wanajua mgonjwa ni nani. Baadhi ya vifaa, kama kisu cha Moniz na mizani ya Vint, havistahili kurudi. Vingine, kama sindano na jembe, ni vyema vikishikwa vizuri na ni vibaya vikishikwa vibaya. Kwa hiyo yeyote anayekabidhiwa kifaa, awe daktari, mwalimu, mchungaji au mzazi, na aulize kabla ya kukitumia: mtu huyu, nikimaliza, ataweza kwenda nyumbani? Na huko nyumbani, wako tayari kumpokea?

Maswali ya kujadiliana: (a) Katika eneo unalotumika, ni kifaa gani cha kwanza kuchukuliwa mtu anapougua akili, na kwa nini? (b) Usharika wako una nafasi gani ya kazi kwa mtu aliyepata nafuu? (c) Ni nani katika usharika ajuaye siku ya kliniki ya magonjwa ya akili katika hospitali ya wilaya?